MASHUA KUUKUU: INUNULIWE AU IACHWE?

Kibera na Kawangware ziko mbali na ziwa. Msafiri atokaye Nairobi huenda kadiri ya kilomita 350 kabla ya kuyaona maji huko Kisumu. Maji yaliyo karibu na Kibera ni ya Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambapo zamani watu walitembea kwa mashua ndogo za tanga, kabla ya uchafu na gugu maji kulifunika. Hata hivyo habari za mashua huzungumzwa mara nyingi katika vyumba vya mitaa hii miwili, wala si ajabu. Wengi wakaao Gatwekera na Lindi huko Kibera, au Gatina huko Kawangware, wana wazazi na ndugu zao Siaya, Homa Bay na Busia; na kila jioni harufu ya omena na mgongo wazi vikaangwavyo kando ya njia huwakumbusha nyumbani. Mtu wa namna hiyo akiweka akiba kidogo, hufikiri moyoni: "Kwa nini nisinunue mashua, ndugu zangu wavue, nami nipate sehemu yangu?"

Wazo hilo ni jema. Lakini mashua mpya ni ghali, na kwa sababu hiyo watu wengi huelekea kwenye mashua kuukuu ambayo, kama wauzaji wasemavyo, yataka matengenezo kidogo tu. Neno hilo "kidogo" limemeza akiba za watu wengi. Yafaa basi kila mtu ajue jinsi ya kulipima kabla ya kutoa fedha yake.

CHAMA CHENYE SHILINGI 60,000

Chukua mfano wa chama chenye wanachama kumi na wawili. Mmoja ni mlinzi wa usiku, mwingine hufua nguo katika nyumba za Lavington, wa tatu ni seremala, wa nne huuza mitumba katika soko la Toi, na waliosalia ni watu wa kazi kama hizo. Kila mmoja hutoa Sh. 500/- kwa mwezi, na baada ya miezi kumi wana Sh. 60,000/-. Ndipo inapokuja simu kutoka ziwani: mashua ya futi 28, rangi yake nzuri, yauzwa kwa Sh. 60,000/-. "Ni mbao mbili tu za kubadilishwa," asema mwenye kuiuza. "Tumeni arubuni leo, maana yuko mtu mwingine aitakaye."

Katika habari hiyo mna mitego mitatu. Wa kwanza ni kwamba bei iko sawasawa na akiba yote, hivyo haibaki hata senti moja ya kumlipa fundi. Wa pili ni kwamba hakuna mwanachama hata mmoja aliyeiona mashua hiyo. Wa tatu ni haraka. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hufika ziwani kwa muda mfupi sana, lakini mbao hazisafiri kwa simu. Picha itumwayo yaweza kuonyesha rangi; haiwezi kuonyesha kilicho chini ya rangi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: arubuni isitumwe kabla mashua haijaonwa na kuguswa na watu wa chama wenyewe, wakiwa pamoja na fundi wa mashua. Tena fundi huyo asichaguliwe na muuzaji. Ni heri atolewe ufuo mwingine, alipwe ujira wake na chama, ili asiwe na sababu ya kuficha neno.

MKUKU NDIO UTI WA MGONGO

Ni lazima kwanza kufahamu jinsi chombo chenyewe kiundwavyo. Mashua nyingi za uvuvi za Ziwa Victoria zimetokana na mtindo wa visiwa vya Sese huko Uganda. Zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba za miti. Siku hizi hupigiliwa misumari. Chini kabisa mna mkuku, yaani ule mti mrefu uendao tangu omo hata tezi. Kutoka kwenye mkuku hupandishwa mbao za ubavuni, na kwa ndani hutiwa mataruma, yaani mbavu zinazozishika mbao zisipanuke. Nafasi zilizo kati ya mbao huzibwa kwa pamba, kazi iitwayo kalafati, na mara nyingi juu ya maungio hupigiliwa vipande vya bati. Mti wa mvule umesifiwa tangu zamani kwa kazi hii, kwa kuwa hauozi upesi wala hauliwi upesi na wadudu. Mbao laini ni za bei nafuu, lakini hazidumu.

Sasa, si kila ubovu ni sawa. Mtu wa Kibera alifahamu hilo kwa nyumba yake mwenyewe. Bati likitoboka, huziba au huweka jingine, na siku hiyo hiyo hulala pakavu. Lakini nguzo zikioza ardhini, hata akiweka mabati mapya nyumba nzima, amepamba kitu kitakachoanguka. Vivyo hivyo kwa mashua. Ubao wa juu ya ubavu hutolewa na kuwekwa mwingine bila taabu kubwa. Taruma lililovunjika laweza kubadilishwa. Kalafati hufanywa upya mara kwa mara hata katika mashua nzuri. Lakini ubao ule uliopakana na mkuku, ambapo maji hutuama kwa ndani mchana na usiku, ni kazi ngumu zaidi; na mkuku wenyewe ukioza, kuutengeneza ni sawa na kuunda mashua mpya, maana mbao zote zimeshikwa nao. Kwa hiyo swali kubwa si "Mbao ngapi ni mbovu?" bali ni "Ni mbao zipi?"

JINSI YA KUIPIMA

Mashua na itolewe majini na kuinuliwa juu ya magogo ili upande wa chini uonekane. Mnunuzi asimame mbele ya omo, afumbe jicho moja, atazame mpaka tezi. Mkuku uliopinda, katikati juu na miisho miwili chini, ni dalili ya chombo kilichochoka, na ugonjwa huo hauponi kwa misumari.

Baada ya hayo fundi achukue kisu chembamba au msumari mrefu, achome polepole kando ya mkuku, chini ya vipande vya bati, na mahali ambapo mbao zapakana na omo na tezi. Mti mzima hukataa kisu. Mti uliooza hukipokea kama muhogo uliopikwa. Agonge pia kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Mti mzima hulia kwa sauti kavu, na mti mbovu hutoa sauti nzito iliyozimika. Rangi mpya iliyopakwa juzi tu isimfurahishe mtu. Afadhali rangi kuukuu yenye kusema kweli. Tena ahesabu viraka vya bati. Viraka viwili vitatu ni habari ya kawaida, lakini viraka vilivyojipanga mstari mmoja juu ya mkuku ni barua iliyoandikwa wazi. Alama za kutu zinazochuruzika kutoka katika vichwa vya misumari zaonyesha kwamba misumari yaliwa ndani kwa ndani, na mbao zitaanza kuachana.

Baadaye mashua ishushwe majini. Hapa watu wengi hukosea. Mashua iliyokaa juani majuma kadhaa huvuja ikishushwa, hata ikiwa nzima, kwa sababu mbao zimekauka na kusinyaa; zikinywa maji huvimba na kujifunga zenyewe. Kwa upande mwingine, mashua iliyoachwa majini siku nyingi yaweza kuonekana kavu, nayo ni mbovu. Kwa hiyo na ilale majini usiku mmoja, maji yote yakumbwe asubuhi, kisha ipakiwe magunia ya mchanga yenye uzito kama wa wavuvi, nyavu na samaki. Ndipo maji yaingiayo yapimwe kwa ndoo kwa muda wa saa moja. Yakiwa kidogo, ni jambo la kalafati. Mtu mmoja akilazimika kukumba maji bila kupumzika, mashua hiyo imekwisha kusema neno lake.

Muuzaji akikataa mojawapo ya majaribio hayo, mnunuzi hana haja ya kubishana naye. Amekwisha jibiwa.

HESABU YA MIAKA, SI YA BEI

Bei ya mashua ni sehemu moja tu ya gharama. Iongezwe gharama ya mbao, misumari, pamba, rangi na ujira wa fundi. Iongezwe pia hasara ya siku ambazo mashua itakaa juu ya magogo bila kuvua. Jumla hiyo igawanywe kwa miaka ambayo fundi adhani chombo kitafanya kazi. Ndipo mtu atajua anachonunua. Hesabu ifuatayo ni mfano tu, maana bei hutofautiana kati ya ufuo na ufuo.

Ikiwa mashua mpya ni Sh. 180,000/- na itadumu miaka kumi, kila mwaka wake umegharimu Sh. 18,000/-.

Sasa itazamwe ile kuukuu ya Sh. 60,000/-. Ikiwa mkuku ni mzima, na ni kweli kwamba mbao mbili tu ni mbovu, matengenezo yaweza kuwa Sh. 30,000/- na siku za kukaa bure Sh. 10,000/-. Jumla ni Sh. 100,000/-. Ikidumu miaka saba, kila mwaka umegharimu kadiri ya Sh. 14,300/-. Hiyo ni biashara nzuri, nao wasiogope kuinunua, mradi wangoje mpaka fedha ya fundi ipatikane.

Lakini ikiwa mbao zilizopakana na mkuku zimeanza kuoza, matengenezo yaweza kufika Sh. 70,000/-, na jumla yote Sh. 140,000/-. Chombo cha namna hiyo kikidumu miaka minne, kila mwaka umegharimu Sh. 35,000/-, yaani karibu mara mbili ya mashua mpya. Ni mashua ile ile, rangi ile ile, na bei ile ile ya Sh. 60,000/-. Kilichobadilika ni mti usioonekana. Wahenga walipoonya kwamba rahisi ni ghali, hawakukataza kununua kitu cha bei ndogo. Walitaka mtu ahesabu mpaka mwisho.

INJINI, HATI NA MSIMU

Mara nyingine mashua huuzwa pamoja na injini ya kufungwa nyuma. Injini na ipewe bei yake mbali, maana injini nzuri huweza kuficha mashua mbovu, na mashua nzuri huweza kuficha injini mbovu. Mnunuzi aiguse kabla haijawashwa: ikiwa ina joto, muuzaji ameiamsha mapema ili isimwaibishe. Ikiisha kuwashwa, atazame kama maji ya kuipoza yanatoka sawasawa. Tena asome namba iliyopigwa juu yake na kuilinganisha na hati. Wezi wa injini si habari ngeni ziwani, na anunuaye mali ya wizi hupoteza mali na fedha pamoja, na pengine hulala korokoroni.

Hati za mashua zina uzito kama mkuku. Katika kila ufuo wa Kenya kuna kikundi cha usimamizi, ambacho wengi hukiita BMU, kilichowekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Viongozi wake huwajua wenye vyombo na magomvi yao. Yafaa mnunuzi aende kwao kwanza, aulize mashua ni ya nani, kama ina deni, na kama warithi wa marehemu fulani hawaidai. Aulize pia ofisi ya uvuvi kuhusu kuandikishwa na leseni, kwa maana Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 yataka mambo hayo. Mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi, na jina la mwenye mali libadilishwe siku ile ile.

Msimu nao uangaliwe. Nchini Kenya uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa kwa desturi kuanzia Aprili hata Julai, ili samaki hao wazaane. Mtu anunuaye mashua ya omena mwezi wa Machi, akitumaini kulipa deni kwa mapato ya Mei, amejidanganya. Lakini yule mwenye fedha ya matengenezo mkononi aweza kuifanya miezi hiyo kuwa faida yake, kwa kuwa mashua yake hukaa juu ya magogo wakati ambapo vyombo vingine pia havivui.

MFANO WA MELI YA LIEMBA

Wako watu wasemao kwamba kitu kuukuu hakifai kabisa. Hao nao hukosea, na ushahidi uko katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapelekwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliipandisha kutoka chini ya maji, wakakuta mitambo bado yaweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ilichukua abiria na mizigo kwa miaka mingi sana baadaye.

Mtu aliyeitazama ilipotoka majini, imejaa tope na kutu, angalisema ni takataka. Lakini uzima wake ulikuwa ndani, pale ilipopakwa grisi. Ile mashua ya rangi nzuri yaweza kuwa kinyume chake, nzuri kwa nje, imekufa kwa ndani. Katika habari zote mbili, jicho peke yake halitoshi kuamua.

MAISHA YA WATU

Kuna jambo moja lisiloingia katika hesabu ya shilingi. Wanachama hukaa Nairobi, lakini watakaopanda mashua hiyo ni wadogo zao na wana wao. Upepo wa ziwani huja ghafula usiku, na mbao zilizokubali kisu hazitakataa mawimbi. Hata chombo kikubwa hakisamehewi kikitumiwa vibaya: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojaa watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara huko Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwa hiyo bei ya jaketi la kuokolea maisha kwa kila mvuvi ihesabiwe pamoja na bei ya mashua, wala isiachwe mpaka faida ipatikane. Chama kisichoweza kununua majaketi hakijaweza kununua mashua.

Mwisho, wenye mali wakaao mbali hawana budi kuwa na daftari. Siku ya kuvua, uzito wa samaki, bei, mafuta, sehemu ya wavuvi na sehemu ya chombo, vyote viandikwe, na fungu fulani la kila mapato liwekwe kwa ajili ya matengenezo. Mali bila daftari huisha bila habari, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.

UAMUZI

Turudi kwenye chama kile cha watu kumi na wawili. Hawakutuma arubuni. Waliwachagua wawili kati yao, yule seremala na yule mama afuaye nguo, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, wakawapa nauli na ujira wa fundi, jumla Sh. 6,000/-. Mashua ikapandishwa juu ya magogo. Mbao mbili zilizotajwa zilikuwa mbovu kweli, kama muuzaji alivyosema. Lakini kisu cha fundi kilipochomwa kando ya mkuku, kilizama hata mpini, tena mahali patatu. Wakamshukuru muuzaji, wakapanda gari la usiku.

Jumapili iliyofuata wengine walinung'unika kwamba Sh. 6,000/- zimepotea bure. Seremala akawajibu kwamba huo ulikuwa mchango wa mwezi mmoja, na michango ya miezi tisa, Sh. 54,000/-, ingali katika sanduku. Nao vijana wa nyumbani wangali hai. Wakaamua kuendelea kuchanga mpaka wapate bei ya mashua pamoja na fedha ya fundi na ya majaketi, ndipo watafute nyingine.

Huo ni mfano tu, lakini njia yake yafaa kufuatwa na kila mtu anunuaye kitu kuukuu, kiwe mashua ziwani, pikipiki Kawangware, au cherehani Kibera. Kwanza ajue ni sehemu gani ibebayo kitu chote. Aipime hiyo kabla ya nyingine zote. Ikiwa nzima, ahesabu gharama mpaka mwisho, kisha anunue bila hofu. Ikiwa imeoza, aende zake, hata kama bei yashuka kila anapopiga hatua kuondoka.